Kula Bata Dar kwa Mpango: Mwongozo Kamili wa Burudani na Utamaduni wa Jiji

Anayekuja Dar es Salaam na orodha ya vivutio kumi na siku mbili za kuvizungukia ataishia kuijua vizuri foleni ya magari kwenye makutano ya Morocco. Burudani za jiji hili zimetawanyika. Makumbusho yako Posta, wachongaji wako Mwenge, wachoraji Oysterbay, boti za visiwani ziko Msasani na Kunduchi, na kila kimoja kina siku yake na saa yake. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: siku moja, upande mmoja wa jiji. Ukiishika, hata wikiendi moja itakupa mengi. Ukiivunja, utakula bata ndani ya daladala.

Nimemwandikia aliyetoka mkoani, ndugu aliyerudi likizo kutoka ughaibuni, na mkazi wa Mbagala au Tegeta ambaye miaka inakatika na hajawahi kuingia makumbusho ya jiji lake. Hao wa mwisho ndio wengi.

Anza na kalenda

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Jua linakuwa la kuvumilika, upepo wa kusi unavuma na unaweza kutembea mjini bila kulowa jasho. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, si wakati wa kupanga safari za kuzunguka: bonde la Jangwani likijaa maji, barabara ya Morogoro hukatika pale na mabasi ya mwendokasi husimama. Januari na Februari ni joto kali. Ukija miezi hiyo, matembezi yote yafanye asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Juma nalo lina mpangilio wake. Siku za kazi ni za makumbusho, masoko na studio za wasanii. Jumamosi na Jumapili alasiri ni za ngoma, ufukwe na mpira. Dansi na taarabu hukolea kuanzia Ijumaa usiku. Jumapili katikati ya jiji huwa kweupe: ni siku nzuri ya kuangalia majengo bila kugongwa na mikokoteni, ila maduka mengi yamefungwa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka. Bendi nyingi na vikundi vya taarabu hupumzika, na vibanda vingi vya chakula hufungua jioni. Lakini futari za mitaani, kuanzia tambi na mihogo ya nazi hadi vitumbua na kalimati, ni kivutio chenyewe, na Idi ikiingia burudani zote hurudi kwa mkupuo. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai kuna Maonesho ya Sabasaba kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Kwa jina ni maonesho ya biashara. Kwa wakazi wa Temeke ni sherehe ya familia: watoto, nyama choma, muziki na msongamano. Usiende tarehe 7 Julai yenyewe kama hupendi kusukumwa.

Usafiri, pesa na kitambulisho

Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza mwaka 2016, ndio njia ya haraka ya kuingia mjini. Matawi yake yanafika Morocco na Gerezani, Kariakoo. Nje ya njia hizo kuna daladala, bajaji na bodaboda. Za kuita kwa simu zinakuonyesha bei kabla hujapanda. Za kijiweni patana kwanza, kisha panda.

Kuna mtego mmoja wa wageni. Ukimwambia konda "nishushe Makumbusho", atakushusha Kijitonyama, kwenye stendi iliyo jirani na Kijiji cha Makumbusho. Makumbusho ya Taifa yako kilomita kadhaa kutoka hapo, katikati ya mji, mtaa wa Shaaban Robert. Kwa hayo panda gari la Posta.

Beba kitambulisho. Kwenye vivutio vya serikali Mtanzania analipa kiingilio kidogo, mgeni wa nje analipa mara kadhaa, na lafudhi yako haihesabiki kama ushahidi. Malipo mengi ya serikali hupitia kwenye kumbukumbu namba inayotumwa kwa simu, kwa hiyo weka salio kwenye akaunti yako ya simu kabla ya kutoka. Kwa kivuko na viwanja vya mpira, nunua kadi ya N-Card na uijaze mapema.

Jambo la mwisho hapa: usipige picha Ikulu, kambi za jeshi, bandari wala askari wa usalama. Ikulu iko pembeni kabisa ya njia utakayopita siku ya kwanza, na simu iliyoinuliwa vibaya inaweza kukugharimu nusu siku ya maelezo.

Siku ya Posta na Kivukoni

Fika Feri asubuhi na mapema, saa kumi na mbili na nusu ikiwezekana. Soko la samaki saa hizo lina mnada, na mnada huo ni maonyesho ya bure yaliyo bora kuliko mengi utakayolipia. Samaki wanashushwa, wanamwagwa mbele ya wanunuzi, dalali anataja bei kwa sauti ya kuimba, watu wanapandishiana, na kabla hujaelewa nani kasema nini rundo limeshapata mwenyewe. Vibua, changu, kolekole, jodari mzima mwenye mgongo kama chuma. Mama lishe hujiunga watatu au wanne, wakanunua rundo moja, kisha wakakaa pembeni kugawana mafungu, na hapo ndipo utasikia Kiswahili cha Dar katika ubora wake. Simama nyuma, usiulize bei kama hununui, na vaa viatu vilivyofunika vidole. Chini ni maji na magamba.

Ukitaka kifungua kinywa hapo hapo, fanya hivi. Nunua samaki au fungu la ngisi kwa wachuuzi wa reja reja, siyo mnadani. Peleka kwa waparaji, mpatane bei ya kumpara na kumtumbua. Kisha mpeleke kwa wakaangaji, mpatane tena. Fuatana na samaki wako kila hatua, kwa sababu kwenye karai moja kuna samaki wa watu wengi na wote wakishakaangwa wanafanana.

Kutoka Feri tembea kwa miguu kufuata ukingo wa bandari kuelekea magharibi. Jengo la kwanza kubwa ni Kanisa Kuu la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902, lenye paa la vigae vyekundu na mnara unaoonekana kutoka baharini. Mbele kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph la Wakatoliki, la miaka hiyo hiyo. Ingia ukiwa umevaa kwa heshima na hakuna ibada. Endelea na barabara ya Sokoine utafika Nyumba ya Atiman na Boma la Kale, jirani na gati la boti za Unguja. Hayo mawili ni ya miaka ya 1860, siku za Sultani Majid wa Zanzibar aliyeamua kujenga mji kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Boma, la mawe ya matumbawe na mlango wa kuchonga, lina kituo cha urithi wa usanifu majengo. Picha zao za mji wa zamani zitakufanya uangalie upya maghorofa uliyopita nje.

Rudi juu hadi makutano ya mtaa wa Samora na Azikiwe, kwenye Mnara wa Askari. Watu huupita kila siku wakikimbilia gari. Simama. Sanamu ya shaba iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Soma ya Kiswahili polepole, ni Kiswahili cha karne nyingine. Mtaa huo huo wa Samora kuna duka la vitabu la TPH, na kama unataka zawadi isiyovunjika kwenye basi, vitabu vya Kiswahili ni hapo.

Fuata Samora kuelekea mashariki hadi mwisho utafika Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Jipe saa mbili. Yalianza miaka ya 1930 yakiwa na jina la mfalme George wa Tano. Watoto wa shule huletwa kuona Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75, na ni sawa waletwe. Mimi ningekuambia uanze na vitu vya Kilwa: vigae vya China na sarafu za masultani, ushahidi wa mikononi kwamba pwani hii ilikuwa ikifanya biashara na dunia kabla meli yoyote ya Mreno haijatokea. Kisha nenda kwenye magari ya viongozi. Wazee hupenda kusimama hapo na kuhadithia, na ukibahatika kukuta mmoja, msalimie "shikamoo mzee" na umwache azungumze. Kuna pia kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Uliza ratiba ya ukumbi wa maonyesho, maana Nyumba ya Utamaduni huwa na tamthilia na ngoma ambazo hazitangazwi vya kutosha.

Chakula cha mchana ni Kisutu na mitaa ya jirani, kwenye bhajia, kachori na mishikaki ya Wahindi wa mjini. Jioni, ukibaki na nguvu, kuku wa mkaa kwenye kona ya Libya na barabara ya Morogoro wana foleni yao wenyewe.

Kariakoo, nusu siku tu

Kariakoo ni ya asubuhi ya siku ya kazi, mkoba ukiwa kifuani. Jengo la soko kuu, la miaka ya 1970, ni kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli. Paa lake la zege limesimama kama miavuli iliyopinduliwa, na kazi ya umbo hilo ni kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na likakarabatiwa. Ukimaliza kulitazama, nenda mtaa wa Uhuru kwenye khanga na vitenge. Khanga isome kabla hujalipa. Rangi inaweza kupendeza sana huku jina likiwa la kumsema mtu, na mama mkwe anajua kusoma.

Hapo hapo, dakika chache kwa miguu, kuna mtaa wa Msimbazi wenye jengo la klabu ya Simba, na mtaa wa Jangwani wenye jengo la Yanga. Chagua rangi ya shati kwa uangalifu.

Siku ya Kijitonyama, Mwenge na Oysterbay

Huu ndio upande wa sanaa za mikono, na ni siku bora ya kumchukua mgeni. Njia ni moja: anza Kijiji cha Makumbusho, panda hadi Mwenge, ingia Mikocheni, malizia Oysterbay jua likianza kupoa.

Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi na vifaa vyake halisi. Msonge wa Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi ardhini. Tembe la Wagogo, paa bapa la udongo ambalo mtu mrefu analigusa. Ingia ndani, usiangalie kwa nje. Ndani ya msonge ndipo utaelewa moshi ulipita wapi, ng'ombe walilala wapi na mgeni aliketi wapi. Ngoma huchezwa alasiri, hasa wikiendi, kwa hiyo piga simu au uliza mlangoni kabla ya kulipa kama ngoma ndiyo iliyokuleta. Mchukue mwongozaji. Ukienda peke yako utaona vibanda vya nyasi na utatoka baada ya dakika ishirini.

Soko la vinyago Mwenge ni safu ya vibanda, na nyuma ya vibanda ndiko kuna kazi. Omba kupita kwa nyuma. Utakuta mafundi wamekaa chini, gogo limebanwa kwa miguu, tezo inapiga kwa mdundo. Vinyago vya Kimakonde vina mitindo yake: ule wa ujamaa, ambapo watu wamepandana bega kwa bega kuzunguka gogo moja, na ule wa shetani, wenye viungo vilivyopinda na macho yaliyotoka.

Kununua kuna hatua zake:

1. Zunguka soko lote kwanza bila kununua. Kinyago "cha pekee" utakikuta kwenye vibanda sita.
2. Kipime uzito mkononi. Mpingo ni mzito kuliko unavyodhani na huzama majini. Kilicho chepesi ni mti mwingine uliopakwa rangi.
3. Sugua chini kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya kiatu hutoka, weusi wa mpingo hautoki. Mara nyingi mpingo wa kweli huachwa na ukanda wa mti mweupe pembeni.
4. Uliza aliyechonga ni nani. Akiwa hapo nyuma, nenda mkapatane mbele yake.
5. Patana kwa utani, na ukishakubaliwa bei, lipa. Kupatana, kukubaliwa kisha kuondoka ni utovu wa adabu, na soko zima litakuwa limekuona.

Kwa aliye ughaibuni: weka risiti, na uliza utaratibu wa kusafirisha kabla hujafika uwanja wa ndege na kinyago cha kilo kumi.

Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 kwenye maghala ya eneo la viwanda vidogo. Ni studio za wasanii wa kisasa: wachoraji, wachongaji wa vyuma, wacheza dansi. Mchana unaweza kupita ukazungumza nao wakiwa kazini. Jioni za matamasha hujaa vijana, na hapo utaona sanaa ambayo haiuzwi kwa watalii. Fuatilia kurasa zao za mtandaoni kwa ratiba.

Malizia kwa Tingatinga, kwenye eneo la Morogoro Stores, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao mgumu wa dari, akawauzia wapita njia. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo ushirika wao una safu ya vibanda ambamo chui, kunguru na miti ya mbuyu vinakauka juani.

Kaa karibu na mchoraji mmoja uangalie. Rangi ya nyuma inapakwa kwanza yote, ikikauka linakuja umbo la mnyama, kisha ndani ya umbo zinaanza nukta. Brashi ni nyembamba kama kijiti. Mchoraji anachovya, anafuta ukingoni mwa kopo, anagusa. Anachovya, anafuta, anagusa. Mgongo wa chui mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Ukiona kazi hiyo, bei yake haitakushangaza tena. Angalia kama nukta zina ukubwa unaolingana na kama mistari ya mwili haijatetereka, maana hapo ndipo kazi ya haraka hujulikana. Rangi hiyo ya mafuta huchelewa kukauka, kwa hiyo picha ya juzi usiikunje.

Usiku: dansi, taarabu, singeli

Dar bila usiku wa muziki umeiona nusu. Lakini kumbi hubadilika, kwa hiyo usifuate orodha ya zamani. Sikiliza redio za jiji kuanzia Alhamisi, angalia kurasa za bendi, au muulize dereva wa bajaji mwenye umri uliopita hamsini. Huyo wa mwisho hakosei.

Muziki wa dansi una majina mawili ya kuanzia. Msondo Ngoma ni kizazi cha NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978. Mashabiki wao wanabishana hadi leo kama wa mpira. Ukipata siku wanapambana jukwaa moja, ahirisha kila kitu. Bendi huanza kwa kujivuta, saa nne usiku bado wanapasha. Wimbo wenyewe una pande mbili: mwanzo wa taratibu, mtunzi anasimulia kisa chake cha mapenzi au cha mshahara, kisha magitaa yanapandana, tarumbeta zinaingia na watu wanainuka. Upande huo wa pili ndio chemko, na ndiyo sababu wimbo hauwezi kuwa wa dakika tatu. Wazee hucheza kwa hatua ndogo, mikono karibu na kifua. Waige hao, utaonekana mwenyeji.

Taarabu ni ukumbi wa akina mama, ingawa wanaume wanakaribishwa. Vaa vizuri, na hapo simaanishi jinzi safi. Beba noti ndogo ndogo za kutunza. Unainuka, unacheza kuelekea jukwaani huku noti iko juu, unampa mwimbaji, unarudi bila haraka. Sasa sikiliza maneno kabla hujainuka. Wimbo wa kumsema mke mwenza au jirani mmbea, ukiinuka kuutunza huku umemkazia mtu macho, umeshatangaza ugomvi mbele ya mia mbili. Wenyeji hufanya hivyo makusudi. Wewe mgeni chagua wimbo wa kusifu mapenzi.

Singeli ni mtoto wa uswahilini: Manzese, Tandale, Mburahati. Imetoka kwenye mchiriku na mnanda, vinanda vidogo vya umeme na spika zilizopasuka, ikaongezwa kasi hadi kupita midundo mia mbili kwa dakika. Leo inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya, lakini nyumbani kwake ni barabara iliyofungwa kwa ajili ya harusi au mkole, sherehe ya kumtoa mwali. Ukitaka kuiona huko, nenda na mtu wa mtaa huo, acha simu ya bei nyumbani, na ondoka kabla usiku haujawa mkubwa. Kwa mwenye familia, matamasha ya wazi na siku za klabu za mpira hutosha.

Mpira

Mechi ya Simba na Yanga, klabu za 1936 na 1935, ni tukio la utamaduni kuliko la michezo. Ofisini watu hununiana wiki nzima. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wa mwaka 2007, hubeba watu 60,000, na siku ya mechi hujaa mapema mno.

Kwanza thibitisha uwanja, kwani mechi za kawaida za ligi huchezwa pia KMC, Mwenge, na Azam Complex, Chamazi. Tiketi inunue siku kadhaa kabla kwenye N-Card. Mzunguko ndiyo bei ya chini na ndiko kuna ngoma na nyimbo. Jukwaa la VIP utaona mpira vizuri na kukosa raha. Uliza majirani jukwaa la timu yako ni lipi, vaa rangi yake au rangi isiyo ya mtu, na ingia uwanjani muda wa saa nne kabla ya mechi kuanza. Baada ya filimbi ya mwisho kaa dakika arobaini ndani, maana mageti na barabara ya Mandela havitakwenda popote.

Kwa anayependa shamrashamra bila presha ya matokeo, kuna Simba Day, ambayo kwa kawaida huwa Agosti, na kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga: wachezaji wapya wanatambulishwa, wasanii wakubwa wanaimba, mechi inakuja mwisho kama kitafunwa. Ukikosa tiketi, kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea mpira, cha mtaa wowote kitakupa benchi, jasho na uchambuzi wa bure.

Bahari

Coco Beach ni ya Jumapili jioni. Chakula chake ni mihogo ya kukaanga, inayopasuliwa na kujazwa kachumbari na pilipili, pamoja na mishikaki na dafu. Watu hawaendi kuogelea sana, na wana haki: kuna miamba mikali na mkondo wa maji. Wanaenda kuonana. Jambo moja la kujua ni kwamba ufukwe huo unatazama mashariki. Anayekwenda Coco kupiga picha jua likizama atapiga picha ya maghorofa. Jua la kuzama liko upande wa pili wa rasi ya Msasani, Slipway, ambako linashukia juu ya ghuba na majahazi. Coco iende alfajiri, utalikuta jua lenyewe likitoka majini.

Kigamboni vuka kwa kivuko, usipite darajani, angalau wakati wa kwenda. Dakika chache za kusimama na baiskeli, kuku na wanafunzi huku jiji likirudi nyuma hazina kifani kwa nauli ile. Ng'ambo chukua bajaji hadi fukwe za Mjimwema. Uliza kiingilio na kama unaruhusiwa kuingia na chakula chako.

Visiwa vinavyotembelewa zaidi ni viwili. Bongoyo boti zake hutoka Slipway, Mbudya hutoka Kunduchi. Vyote ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli ya boti. Mbudya kuna vibanda vya makuti, mibuyu, na wavuvi wanaokuonyesha samaki kabla ya kumchoma. Agiza ukishafika tu, kisha nenda ukaogelee, maana chakula huchukua muda. Panga saa ya kurudi na nahodha, chukua namba yake ya simu, na vaa jaketi la kuokolea hata kama yeye havai. Ukiwa Kunduchi pita kwenye magofu: msikiti wa karne ya 16 na makaburi ya nguzo yaliyowahi kupambwa kwa sahani za China. Mlinzi hupenda kuelezea, mpe chochote. Wenye watoto watashinda kwenye michezo ya maji ya Wet 'n' Wild hapo jirani, na magofu hawatayakumbuka.

Siku ya ziada: Bagamoyo

Ni takriban kilomita 70, na magari hutoka stendi ya Makumbusho, Kijitonyama. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Anza na magofu ya Kaole, kusini mwa mji, ya tangu karne ya 13, kabla jua halijawa kali, kisha misheni ya Wakatoliki na makumbusho yake yanayoeleza biashara ya utumwa, halafu Mji Mkongwe kwa miguu. Chuo cha sanaa cha TaSUBa kina ukumbi mkubwa karibu na bahari, na tamasha lake la kila mwaka, ambalo kwa kawaida huangukia Oktoba, huleta vikundi vya ngoma kutoka mikoa mingi. Wiki ya tamasha weka nafasi ya kulala mapema. Siku za kawaida, uwe stendi kufikia saa kumi na moja jioni, upate kiti kabla wanaotoka kazini hawajajaa.